Nyama Iliyokatiwa Jikoni

Bagira, saa nane za mchana

Nsimire wangu,

Nimekaa kwenye kiti kifupi cha mama yako, mbele ya mbabula, jiko letu la makaa. Sufuria kubwa iko juu ya makaa, na makaa mengine nimeyapanga juu ya mfuniko, ili nyama iive kutoka chini na kutoka juu. Wewe umeshuka mjini kuaga wenzako wa hospitali na kuchukua bandeji na dawa za kwenda nazo. Ulisema utarudi saa kumi. Basi nina saa mbili, na nyama ina saa mbili, na ukiingia inabidi sote tuwe tayari.

Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile mapadri walichotufundisha kwa fimbo, juu nikiandika kile cha nyumbani nitalia na makaa yatazimika. Univumilie.

Sitakuambia uvae koti. Mama yako ameshakuambia koti, viatu, chumvi, sabuni, usilale kwa mtu usiyemjua, ukifika kwenye bariere usibishane na mwenye bunduki hata akikuita jina gani. Maneno yote ya njia ameyamaliza yeye. Mimi njia hiyo naiogopa mpaka siwezi kuitaja mdomoni. Kesho alfajiri unashika njia ya Mwenga mpaka Kamituga, kwa gari hadi fasi gari litakapokataa, kisha kwa miguu, kumfuata Kitoga, yule uliyetaka akuoe, aliyelala huko na mguu uliovunjwa na jiwe la shimo la dhahabu. Aliingia shimoni kwa sababu yangu. Wewe unajua, mimi najua, na kwa miaka miwili hakuna aliyelisema ndani ya nyumba hii.

Nimezeeka nikijua kitu kimoja tu, nyama ya ng'ombe. Ni kwa nyama nilikuharibia maisha. Kwa hiyo nitakuandikia habari za nyama, na mengine yatatoka humo humo.

Siku tatu hizi uliniona nikitoka asubuhi na kikapu na kurudi bila kitu. Juzi nilikusikia ukimuuliza mama yako, "Papa anaendaka wapi kila siku? Haniangaliake hata mu macho." Nilikuwa nyuma ya ukuta, nasafisha viatu. Nilikuwa natafuta roti, maman, mtoto wangu. Kipande kimoja cha nyama ya ng'ombe, kizima, bila mfupa, cha kuweka mezani mbele yako leo. Siku tatu nimeuzunguka mji wote wa Bukavu kwa ajili ya kipande kimoja cha nyama, mimi ambaye miaka thelathini na moja nilikipata kwa kunyoosha mkono.

Unakumbuka nilipokuwa nakupeleka sokoni Nyawera, bado mdogo, kabla sijapanda kazini Muhumba kumpikia patroni, yule mzungu wa mashamba ya chai? Unakumbuka Muzee Cikuru, yule muuza nyama mwenye aproni ya ngozi? Kila Jumamosi alinifichia kipande chini ya meza, kimefunikwa kwa kitambaa chenye maji. Alinifundisha vitu ambavyo patroni alidhani nimezaliwa navyo. Weka kidole juu ya nyama: ikiwa nzuri inakisukuma kirudi, ikiwa mbaya inabaki na shimo. Mafuta yawe na rangi ya siagi, ndiyo ng'ombe wa majani. Kisha uliza ametembea kutoka wapi. Yule wa Masisi alikuwa anashuka kwa miguu mpaka Minova na kupanda boti, anafika hapa mapaja yamekaza. Kwake unachukua mgongo tu, juu mgongo haukufanya kazi. Wa karibu, wa Walungu au Kabare, unaweza kuchukua hata paja la ndani, na ukiioka polepole hakuna mzungu atakayejua tofauti.

Na kulikuwa na jambo moja alilolisema kwa sauti ya chini, ili wanunuzi wengine wasisikie. Ng'ombe aliyekimbizwa, aliyelala na njaa na woga usiku wake wa mwisho, nyama yake inageuka nyeusi na inanata mkononi. Huwezi kuitibu. Weka siki, weka vitunguu saumu, weka divai ya patroni, bado itanata. Wakati ule nilikutana na nyama ya hivyo labda mara mbili kwa mwaka, nikairudisha kwa hasira, nikagombana na watu soko zima linasikia.

Sasa nenda uone soko la leo. Jumatatu nilianza Nyawera kwa Muzee Cikuru. Nilimkuta nyuma ya meza ile ile, anauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Mizani haipo, ndoano za kutundikia nyama hazipo, na ile aproni ameikalia.

"Muzee Cikuru, minatafuta roti."

"Roti ya nani?"

"Ya mutoto yangu. Anaenda siku ya tano."

Akageuza sambaza kwa kidole, moja moja. "Papa Nsimire, ng'ombe yenyewe iko wapi? Bale ba Ngweshe bote, batu ba bunduki balishababeba. Ya Masisi haifikake. Ile moja inafika, inafika mifupa, na mbele ifike ku meza balishaikatakata. Nani anaweza uliza kipande muzima mu hii mwaka? Weye peke yako."

"Mutoto anaenda Kamituga," nikamwambia.

Alichota sambaza, akanifungia kwenye karatasi, akakataa nimlipe. Nilitembea nazo mpaka Kadutu. Kule kijana mwenye shoka aliniuliza kama ninatoka Ulaya. Anakata mfupa na nyama pamoja, anapanga vifungu juu ya karatasi ya saruji, watu wananunua kafungu kamoja kwa nyumba nzima. Jumanne nilizunguka masoko madogo yote, bure; Jumatano nilipanda mpaka Mudaka. Huko nilikuta mgongo mzima, ndiyo, unaning'inia. Niliweka mkono wangu na ukanata. Ng'ombe yule alikuwa ametembezwa usiku, kwa siri, kutoka fasi ambayo muuzaji hakutaka kuitaja. Nilisimama pale na mkono ulionata na nikajiambia, leo nyama yote ya nchi hii inanata. Nikanawa kwenye mtaro nikarudi Bagira kwa miguu.

Nirudi nyuma kidogo, juu usipojua kwa nini nilitaka kipande kizima, utadhani ni wazimu wa mpishi mzee. Lakini wewe unajua. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka saba, ukinishikia ubao.

Baba yangu alichunga ng'ombe za watu kule Ngweshe maisha yake yote, na ndani ya nyumba yake nyama ilikuwa na sheria moja. Mgeni uliyemfungulia moyo, unamletea nyama nzima, na mwenye nyumba anaikata pale mbele yake, mgeni akiona kisu kinavyoingia. Kipande cha kwanza ni chake. Mgeni ambaye humtaki, humfukuzi wala humtukani. Unamlisha mpaka ashibe. Ila nyama yake inatoka jikoni ikiwa imeshakatwa. Amekula, lakini hakupokelewa. Watu wa kwetu wakiiona sahani wanaelewa. Wanamaliza, wanashukuru, wanaondoka, na ile habari iliyowaleta hawairudii.

Mimi nilikatiwa mezani, Nsimire. Hili sijakusimulia vizuri. Nilipoenda kumuomba mama yako nilikuwa muosha sahani kule Muhumba, nimevaa suruali ya kuazima, na kwetu hapakuwa hata na ndama. Wao walikuwa na zizi. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti nikisubiri sahani ya vipande, nimeshajipanga moyoni namna ya kuaga. Baba ya mama yako aliingia na mgongo mzima juu ya ubao, akanitazama mpaka nikainama, akakata. Mpaka leo naweza kukuambia kipande kile kilikuwa na upana gani. Nilikishika kwa mikono miwili badala ya kukila, na yule mzee akacheka, akasema, "Kula, kijana, haikimbii."

Mtu aliyetendewa hivyo ndiye aliyemtendea Kitoga vile.

Jumapili ile alipokuja kukuomba, na bidoni ya mafuta ya mawese kutoka kwao Shabunda na shati alilolipiga pasi mpaka kola inang'aa, nilikuwa nimeshakata shauri tangu siku tatu nyuma. Mulega, nilijiambia, siyo wa kabila letu. Mwalimu wa hesabu ambaye serikali inamlipa mwezi mmoja na kumsahau mitatu. Kwao ni mbali, barabara haifiki, atamchukua mtoto wangu na sitamwona tena mpaka kaburini. Nilitaka uolewe hapa hapa, na mtu wa kilima chetu, ili Jumapili uwe unapanda na watoto. Sababu yangu yote ilikuwa hiyo. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, nikauvalisha woga ule nguo za ukabila ili uonekane mkubwa. Sasa tazama: unaondoka hivyo hivyo, unaenda upande ule ule, na njia ni mbaya mara mia kuliko siku ile.

Na nyama ya siku ile ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo aibu inayoniamsha. Muzee Cikuru alinipa paja la ndani la ng'ombe wa Walungu, na niliioka kuliko nilivyowahi kumuokea patroni. Ilipotoka kwenye moto mama yako aliiweka kwenye ubao na kuuelekeza ubao kwenye mlango wa sebule. Nikamwambia aikate.

"Hapa?"

"Hapa."

"Papa Nsimire, ile nyama iko muzima. Unaikatia mu jikoni juu ya nini? Kijana iko pale anangoja."

"Kata, maman."

Akakata. Mikono yake ilikuwa inafanya polepole, alitaka nibadilishe neno. Sikubadilisha.

Sahani ilipofika mezani, wewe uliiangalia, ukaniangalia mimi, ukaweka uma chini. Kitoga hakuelewa. Angeelewaje? Kwao hakuna mtu aliyemfundisha habari ya ubao na kisu. Alikula kwa furaha. Alisema, "Papa, hii nyama iko butamu. Tangu nizaliwe sijakulaka ya hivi." Aliomba nyingine, akamsifu mama yako, akanieleza habari za wanafunzi wake, akacheka mwenyewe. Na mimi nilikaa pale nikijiona mtu mwenye adabu kubwa. Nilijisifu kabisa moyoni: nimemkataa bila hata kupandisha sauti, amekula, ameshiba, hakuna aliyetukanwa.

Uliondoka kumsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara. Uliporudi ulisimama mlangoni na ulisema maneno mawili tu. "Amesema aksanti mara tatu." Kisha: "Ungemwambia na mudomo, papa. Ulinipa miye ndio nimwambie." Tangu siku ile hujala nyama katika nyumba hii. Unakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, unaosha sahani, unasalimia, unaniita papa. Kila Pasaka, kila Noeli, naona mkono wako unavyopita juu ya sahani ya nyama na kwenda kwenye mboga.

Kama kuna kitu nimekiokota katika uzee huu ni hiki tu, na nakupa bila kukihubiri. Nilidhani kumkataa mtu kimyakimya ni huruma. Kumbe nilikuwa nakwepa kuona uso wake. Nilimwachia mtoto wangu kazi ambayo mimi mwanaume mzima niliiogopa.

Ulimweleza ile sheria pale kwenye kona, na yeye akaielewa kwa namna yake. Alidhani nataka ng'ombe wa mahari. Mama yako aliniambia baadaye alivyosema: "Kama ni ng'ombe, nitamuletea ng'ombe." Wiki ile ile akaacha chaki, akashuka Kamituga kwenye mashimo. Niliposikia ameondoka, nilifurahi. Niliandike hilo pia, maana ni kweli. Nilifurahi na nililala vizuri.

Sasa inakuja ile ambayo huijui.

Alinipigia simu. Ilikuwa mwaka jana, miezi michache kabla mtandao wa upande ule haujakatika. Nilikuwa hapa hapa uani. Sikuitambua sauti, simu ilikuwa inakwaruza. Akasema, "Papa, ni Kitoga. Nimepata ya kwanza. Iko jike, iko na mimba." Alikuwa amenunua ng'ombe, Nsimire. Alikuwa ananipigia mimi, siyo wewe, juu alitaka kufuata njia ya heshima. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema, "Inatosha, mwanangu, panda uje," na angetoka katika shimo lile siku hiyo. Nilisema "Sawa." Nilisema sawa, nikakata simu, nikaingia ndani, na wewe ulikuwa unachambua maharagwe, ukaniuliza ni nani, nikakujibu amekosea namba.

Yule mama muuza mafuta aliyetuletea habari za mguu wa Kitoga mwezi uliopita, uliondoka kumchemshia chai, na mimi nikamuuliza habari za ng'ombe. Alisema watu wenye bunduki walimchukua yule jike pamoja na ng'ombe wengine wote wa kijiji. Kitoga akarudi shimoni kutafuta dhahabu ya kununua mwingine wa kuanza naye. Mvua ikanyesha, jiwe likashuka. Sasa amelala nyumbani kwa katekista na mguu unanuka, na wewe ulisema, "Miye niko muuguzi, nitaenda," na mama yako akalia, na mimi nikaenda kusafisha viatu.

Nimejaribu kukuambia mara nne wiki hii. Mara ya mwisho ilikuwa jana, ulikuwa unakunja blanketi. Nilifungua mdomo, nikakuuliza kama blanketi linatosha.

Nageuza nyama kidogo, ngoja.

Imeshika rangi. Sasa nikueleze imetoka wapi, maana ni jambo la kuchekesha, kama mtu ana nguvu ya kucheka. Siku tatu nimepanda na kushuka, Nyawera, Kadutu, Mudaka, na ng'ombe mzuri alikuwa hapa Bagira, nyumba nne chini yetu. Ni kwa Maman Zawadi, yule mjane wa fundi wa viatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyemficha katika chumba cha mwanawe, anamlisha majani na maganda ya ndizi kwa mkono wake. Jana jirani alimwambia kuna watu wanaulizia ng'ombe kila ua. Basi leo alfajiri akaamua kumchinja mwenyewe, taratibu, akimshika pembe na kumsemesha. Nilipofika saa moja, niliweka kidole kwenye nyama na nyama ikakirudisha. Haikunata. Ilikuwa na rangi ile ya zamani, na mafuta ya siagi.

Na ilikuwa imekatwa. Yote. Alikuwa ameshawagawia majirani vipande, yaliyobaki yalikuwa kwenye beseni. Ningefika saa kumi na mbili ningelikuta paja zima.

Nilikaa chini kwenye tope, mimi na umri huu, nikapekua beseni. Mpishi anajua nyuzi za nyama zinavyolala. Nilitafuta vipande vilivyotoka paja moja, la ndani, nikavipanga juu ya goti langu mpaka nyuzi zikafuatana. Nilipata vinne. Maman Zawadi alinitazama, akaniuliza kama niko mgonjwa. Nilimwambia ndiyo.

Nilivileta kwa mama yako, nikaviweka mezani, na hapo machozi yakanitoka.

"Sasa unalilia nini?"

"Balishaikata."

"Ni ya nani?"

"Ya Nsimire. Nilitaka niikate mbele yake. Muzima."

Mama yako alivigeuza vipande vile kwa kidole. Kisha akaenda kuchukua sindano yake kubwa ya kushonea magunia na uzi mweupe wa pamba, akapitisha uzi kwenye maji ya moto. "Leta," akasema. "Ile ya kwanza nilikata juu weye ulinituma. Hii nitashona."

Akashona. Mama yako, ambaye tangu mwezi uliopita halali wala hacheki, alishona vipande vinne vya nyama vikawa kimoja, anakaza uzi kwa meno, na katikati akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Nimeipaka chumvi na vitunguu saumu. Nimeikaanga pande zote. Iko hapo ndani sasa. Ukiiona kutoka mbali utasema ni nzima.

Haitashika, nakuambia ukweli. Nikiweka kisu, itaachana kwenye mishono. Sina nyingine. Nilikuwa na nyama nzima siku ambayo ilifaa, nikaikatia jikoni. Leo nina kisu, nina meza, nina moyo uliofunguka kwa kuchelewa, na nyama ni ya kushona.

Sijui kama utakula. Nimelipanga neno hili kwa njia nyingi na linabaki hivyo tu: naomba ule. Naogopa hutarudi. Sisemi kwa kukutisha, nasema juu ndiyo hali yangu. Nikifumba macho nakuona kwenye bariere moja baada ya nyingine, na katika kichwa changu hufiki. Nikilazimisha ufike, namkuta ameshakufa. Mama yako anasali. Mimi nimejaribu, na maneno hayatoki.

Kipande cha kwanza sitakuwekea wewe. Ni cha mgeni. Nitakikausha juu ya makaa haya na chumvi mpaka asubuhi, nikifunge kwenye jani la mgomba na kitambaa, ukibebe pamoja na bandeji. Ukimkuta hai, umwambie: papa alikikata mbele ya meza, na kiti chako kilikuwepo. Kitakuwa na uzi ndani. Usiutoe huku, muutoe pale mkiwa wote wawili, aone. Ukikuta kaburi, kaa chini pale, ukile wewe mwenyewe, polepole. Usinirudishie.

Mpango wangu ulikuwa kuikunja barua hii niitie chini ya dawa zako, uikute ukiwa umeshapita Walungu, fasi ambapo sitaweza kuuona uso wako. Nilikuwa nimeshatafuta hata bahasha. Lakini hapa nilipofika nimeisoma tena kutoka juu, na nimeona ninachokifanya. Habari ya simu ile nimekukatia jikoni, vipande vipande, ili uile njiani peke yako na mimi nikiwa mbali na macho yako. Ni Jumapili ile ile narudia. Nina miaka sitini na tisa na bado nafanya jambo lile lile.

Basi barua haiendi kwenye mfuko. Nitaiweka kando ya ubao, na ukikaa, kabla sijagusa kisu, nitakusomea yote kwa mdomo wangu, na ile ya simu nitaisema nikikutazama. Ukitaka kuinuka utainuka, na nyama itapoa, na itakuwa haki yako. Mama yako nimeshamwambia asikuzuie.

Nasikia viatu vyako kwenye mawe ya chini, na unakohoa kile kikohozi chako cha kupanda mlima. Saa kumi bado kidogo. Umewahi.

Nimeondoa makaa juu ya mfuniko. Ingia, maman, kaa kwenye kiti cha mgeni. Baba yako ana neno.